Kuku Bila Bugali

Séraphine hakuwahi kuipenda krimu. Naanza na hilo kwa sababu wapo waliosema, tena ndani ya kanisa, kwamba alikuwa amejifanya Mzungu na anamlisha mumewe vyakula vya Kizungu ili aonekane ameendelea. Krimu ilimtia kichefuchefu. Aliipika, akaionja kwa ncha ya kijiko, kisha akanywa maji.

Alikuwa mtu wa Uvira. Vita vilimtoa kwao, akakaa miaka kambini Kigoma, na kutoka huko akaletwa Stockholm pamoja na mumewe Gédéon na binti zao, Bonheur na Nicole. Walipewa nyumba ya kupanga Husby. Mimi nilikutana naye kazini. Tulikuwa tunahudumia wazee majumbani kwao huko Spånga: kuwaogesha, kuwapa vidonge, kuwapashia moto chakula kilichokuja kimefungwa plastiki. Mimi ni Msukuma, naitwa Kulwa, sisali kanisani kwao wala sina ndugu Kongo. Ndiyo maana aliniambia mambo ambayo hakumwambia mwingine yeyote. Umbeya wangu usingefika popote.

Mumewe ulikuwa huwezi kumkosa. Gédéon alikuwa pande la mtu, na kitambi cha heshima kilichogusa usukani, dereva wa basi la abiria kwenye njia za Kista, Rinkeby na Spånga. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa lao la Kikongo lililokodi ukumbi Fittja. Watu walipenda kumtolea mfano. Vijana wakiambiwa kwamba mkimbizi naye anaweza kusimama, aliyeonyeshwa ni yeye, akiwa ndani ya koti la sare ya kampuni.

Vuli ya mwaka 2009 alianza kushikwa na kiu isiyokatika. Kituo cha afya wakampima wakasema ni kisukari, na kwamba kilikuwa mwilini muda mrefu bila kujulikana. Kisha wakampiga picha za ndani ya macho. Daktari aliwaita wote wawili, akawaeleza polepole kwamba vile vimishipa vidogo nyuma ya jicho vilikuwa vimeanza kuvuja. Sukari ikishuka, macho yanaweza kubaki hivyo yalivyo kwa miaka mingi. Isiposhuka, hakuna wa kuwaahidi kitu. Wakatoka nje, Gédéon akaingia zamu yake ya jioni, na Séraphine akapanda basi lile lile, akakaa kiti cha nyuma ya dereva mpaka mwisho wa njia akimtazama anavyoendesha.

Nesi alikuwa amewaambia wapunguze mkate, viazi, wali na ugali, wabaki na kiasi cha ngumi moja. Séraphine akaitazama ngumi ya mumewe, akakumbuka bonge analomwekea sahanini, akaona bora kuacha kabisa kuliko kupima. Na miaka ile Wasweden wenyewe walikuwa wameingiwa na wazimu wa kuacha wanga. Waliita LCHF, yaani wanga kidogo na mafuta mengi, herufi nne ambazo kila mtu alizitamka kama anakiri imani. Magazeti ya bure kwenye treni yalijaa picha za watu waliopungua. Mwenzetu mmoja kazini, Msweden, alikuja na mayai ya kuchemsha na vipande vya jibini, akatuhubiria jikoni kila mapumziko. Séraphine alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza nesi.

Akaanza na kuku, maana kuku walikuwa rahisi kupatikana na wote nyumbani waliwapenda. Alinunua mapaja yenye ngozi, akayasugua kitunguu saumu, ndimu, chumvi na pilipili, akayatia kwenye oveni mpaka ngozi ikakauka ikawa inalia ukiuma. Siku nyingine aliwapika na uyoga na krimu, au akawachoma na kabichi iliyokaangwa kwa siagi. Yule mwenzetu alimpa hata mapishi ya kuku wa Kisweden anayepikwa na ndizi mbivu, karanga, bekoni na krimu katika bakuli moja, chakula ambacho mimi nilidhani mtu amefagia jikoni akaoka. Séraphine akatoa ndizi, akaweka pilipili, kikalika. Dukani Husby alitafuta wale kuku wazima wa kugandishwa wanaokuja na vya tumboni, kwa ajili ya firigisi. Firigisi ni ya baba. Alikuwa amemwondolea bugali, kama kwao wanavyouita ugali, hakutaka mtu aseme amemwondolea na heshima.

Ajabu ni kwamba vyakula vya kwao karibu vyote viliruhusiwa. Sombe, yaani kisamvu, iliruhusiwa, mawese yaliruhusiwa tena yakasifiwa, lengalenga ambayo sisi tunaiita mchicha, samaki, nyama. Kilichokatazwa ni kile kimoja tu kinachobeba vingine vyote. Na hapo ndipo penyewe. Kwao, kama kwetu, mtoto anayekula mboga bila ugali anapigwa kofi mkononi kwa ulafi. Séraphine aliwalea binti zake hivyo, uchukue tonge kwanza, nyama baadaye. Sasa akawa anawaambia kinyume chake, tena mezani, mbele ya baba yao aliyekuwa amekaa na uma mkononi kama mgonjwa aliyepewa chombo asichokijua.

Aliamua kwamba wote wanne wale chakula kimoja. Hakutaka mwanamume akae anatazama watoto wake wakifinya bugali. Bonheur, aliyekuwa na miaka kumi na minne na ulimi wa haraka, alisukuma sahani siku ya kwanza akasema, "Det här är inte mat." Hiki si chakula. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba chakula ni kile mama anachopika. Nicole alikuwa mdogo, akala, akauliza bugali litakuja saa ngapi.

Séraphine alijaribu hata kutengeneza bugali la bandia. Alisaga koliflawa, akaikamua kwenye kitambaa, akachanganya na yai na ule unga wa maganda ya mbegu wanaouza kwenye maduka ya dawa za asili, akasonga kwa mwiko wa kutoka Kigoma. Likashikana, likang'aa. Gédéon alinawa mikono kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akakata tonge, akalifinya. Tonge likarudi lilivyokuwa. Alifinya tena, likateleza likaanguka kwenye mchuzi. Alicheka mpaka machozi, na Séraphine naye akacheka, na aliponisimulia kesho yake alikuwa bado anacheka. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu sikukisikia sana baadaye.

Basi, mbinu ile ikafanya kazi. Masika ya 2010 sukari ilikuwa imeshuka hadi nesi akaita mwenzake aje aone. Picha za macho zilikuwa zile zile, hazijaongezeka ubaya. Gédéon alikuwa amepungua, suruali za sare zikabadilishwa, mkanda ukatobolewa upya. Alipanda ngazi bila kuhema. Kazini Séraphine alifanya kazi huku anaimba nyimbo za kwaya, na vikongwe wetu wa Spånga, ambao hawaelewi neno, wakamwomba arudie. Kwa hesabu yangu hicho ndicho kipindi pekee alichokuwa na furaha tangu nimjue, nacho hakikuvuka majira ya joto.

Maana kupungua Sweden ni jambo moja na kupungua kwetu ni jambo lingine. Msweden akikonda anaulizwa amefanyaje. Mtu wetu akikonda anaulizwa ameanza lini kuumwa, na asipojibu, watu wanajijibia. Kanisani walianza kumtazama mashavu. Wakatazama shingo inavyocheza ndani ya kola. Wengine walinong'ona juu ya ule ugonjwa ambao hawautaji jina. Wengine, hasa wanaume, walisema ni mke: anapata mshahara wake, amekuwa na kiburi, hapiki tena, anampa mume majani. Bado kulikuwa na wa kundi la tatu waliosema ni uchawi, umetumwa na mtu wa Uvira. Mimi nimeishi na Waafrika wa kila aina na sijaona kundi hilo la tatu likikosekana.

Dawa ya maneno yote hayo ilikuwa sentensi moja. Séraphine alitaka kuisema. Alitaka asimame siku ya ushuhuda aseme mume wangu ana kisukari, tunashukuru Mungu, kinashuka, tusaidieni. Gédéon akakataa. Kulikuwa na muumini mwenzao, Ernest, aliyeendesha mabasi ya gereji ile ile ya Gédéon. Tena Gédéon alikuwa amesikia kwa wanaume kwamba mwenye sukari hana nguvu za kiume. Alimshikisha mkewe Biblia, akamwapisha.

"Batu basijue," alimwambia. "Ernest akijua, gereji yote itajua. Bakiniondoa ku bisi, miye niko nani?"

Akaapa. Nilipomkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, aliniambia mumewe anaijua methali hiyo, tena aliwahi kuihubiri.

Sasa hili nalisema kama tulivyolijua baadaye. Mzee wa kanisa ana kazi ya kutembelea waumini, na Gédéon alitembelea nyumba za Fittja karibu kila mwisho wa juma. Nyumba aliyofikia mara nyingi ni ya Josiane, mjane mwenye moyo mkubwa na masufuria makubwa kuliko moyo. Josiane aliona mtu mzima anayeyuka mbele yake. Angefanya nini? Alisonga bugali, akaweka samaki, akaweka sombe, akamwita mezani. Mara ya kwanza Gédéon alisema ameshiba. Lakini mzee hakatai chakula cha muumini, hasa cha mjane, na harufu ile alikuwa hajaisikia kwake kwa muda mrefu. Alikula. Wiki iliyofuata akala tena, na mwingine aliyesikia naye akampikia. Kila nyumba ilimwonea huruma kivyake, kila nyumba ikadhani ni yenyewe tu inayomwokoa, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa kuwa kumuuliza mtu kwa nini nyumbani kwake hapewi chakula ni kumvua nguo. Nimejaribu kuwakasirikia watu hao. Nimeshindwa, na hasira yangu imebaki haina pa kukaa.

Mashavu yakarudi. Kanisa likafurahi. Na sukari ikapanda.

Séraphine hakuelewa. Nesi alimuuliza, kwa upole ule wao unaochoma, kama ana hakika na anachopika. Akarudi nyumbani akaanza kuondoa. Aliondoa karoti, kwa kuwa zina utamu. Akaondoa vitunguu maji, akaondoa maziwa kwenye chai, akaacha krimu ya aina moja akachukua nyingine. Kuku akabaki mkavu na kabichi. Sukari ikapanda tena, na picha za macho safari hii hazikuwa zile zile. Kulikuwa na madoa mapya. Wakampiga leza upande mmoja.

Nilimwona akigeuka. Mwanamke aliyekuwa akiimba akawa anasoma migongo ya pakiti dukani. Akaanza kushuku nyumba yake. Siku moja alipekua begi la Bonheur la shule, akakuta mkate wa mdalasini kwenye karatasi, nusu yake umeliwa. Akamwambia binti yake kwamba ndiye anayemletea baba yake mikate, kwamba anamuua baba yake kwa siri. Bonheur alilia kwa Kiswedi, akasema hajawahi kumpa baba chochote, kwamba anakula mkate kwa sababu ana njaa, kwamba nyumba nzima ina njaa. Tangu siku hiyo hakukaa tena mezani jioni. Alikula kwa rafiki zake, akarudi akaingia chumbani. Nicole naye akaanza kumfuata dada yake. Séraphine akawa anapakua sahani nne na kurudisha mbili kwenye jokofu.

Alijua Jumapili moja ya Novemba. Gédéon alirudi kutoka Fittja, akakaa, na mkewe akaja na kikata kucha, kwa kuwa nesi alikuwa amewafundisha wakague vidole vya mikono na miguu mara kwa mara. Alimshika mkono wa kulia. Gédéon alivaa pete ya ndoa mkono huo, na chini ya ukingo wa pete kulikuwa na kitu cheupe kimekauka. Séraphine alikikwangua kwa ukucha. Mwanamke aliyesonga bugali tangu utotoni hahitaji kuambiwa ni nini.

Alimaliza kumkata kucha, akaenda jikoni, akaleta kuku aliyemwandalia. Gédéon alichukua uma, akala paja lote na kabichi yote, juu ya tumbo lililokwisha kushiba, kwa adabu. Hilo ndilo lililomuuma Séraphine kuliko bugali lenyewe. Aliniambia aliona wazi kwamba mumewe amegeuka mgeni mezani kwake.

Kesho yake kazini aliniambia yote, tukiwa tumekaa garini nje ya nyumba ya kikongwe mmoja. Nilimwambia kiapo cha namna ile hata Mungu hakitaki. Jioni tulipanda treni mpaka mjini, tukabadilisha kwenda Fittja, na nikamsindikiza hadi mlangoni kwa Josiane. Josiane alifungua mlango, mikono ikiwa na unga. Tukakaa. Séraphine akasema ile sentensi moja, kisha akaongeza ya macho.

Josiane alijifuta unga kwenye kitenge.

"Mama Bonheur, sisi tulizani unamunyima," alisema. "Mutu mukubwa anakonda hivi, tungemuacha tu? Juu ya nini haukutuambia?"

Séraphine hakuwa na jibu ambalo lisingemwaibisha mumewe zaidi. Josiane aliapa kwamba kwake Gédéon hatakula tena hata punje. Alilia, akatuombea, akatulazimisha tunywe chai. Nilitoka pale nikidhani tumeshinda. Ndivyo nilivyo, nikiona mlango umefunguliwa nadhani tumefika.

Lakini simu kutoka Fittja ilikuwa imetutangulia. Tulipofika Husby Gédéon alikuwa amesimama sebuleni bado na koti. "Umeniuza, Mama Bonheur," alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya chini. Nikaaga. Kwa wiki kadhaa hakumsemesha mkewe ila kupitia Nicole.

Krismasi kanisa lao lilifanya sherehe kwenye ukumbi, nami nikaalikwa. Meza ndefu, masufuria, soda, watoto wakikimbizana kwa Kiswedi. Habari ilikuwa imeshazunguka, maana Josiane alimwambia mmoja tu, na huyo mmoja akamwambia mmoja tu. Watu walimtazama Gédéon alivyoingia na suti. Ernest alikuwepo. Séraphine alikuja na kuku wake kwenye trei ya karatasi ya fedha, mapaja yaliyochomwa vizuri, firigisi amezipanga pembeni. Gédéon aliipita trei ile. Alifika kwenye sufuria kubwa, akanyoosha sahani.

"Muniwekee bugali," alisema, "na musiweke kidogo."

Aliyekuwa na mwiko ni Josiane. Nilimwona akisita, nikamwona anamtazama Séraphine. Lakini nani atamnyima mzee wa kanisa mbele ya kanisa, siku ya Krismasi? Alimwekea. Gédéon alikula amesimama, katikati ya watu, akitia chumvi ya maneno na utani, akaomba aongezewe, akanywa soda ya machungwa mpaka tone la mwisho. Wanaume wakapiga makofi. Ernest akasema mgonjwa gani anakula hivi. Watu walicheka kwa nafuu, kwa sababu walikuwa wanampenda na walitaka awe mzima. Séraphine alikaa na trei magotini. Hakuna aliyegusa kuku wake.

Baada ya hapo hakupigana tena kwa maneno. Alipika kila siku kuku, samaki, kabichi, akaweka mezani, akaenda kulala mapema. Gédéon alikula cha nyumbani na cha nje. Miadi ya macho ya masika aliikosa kwa sababu ya zamu, na ya pili akasahau, au alisema amesahau.

Vuli ya 2011 alianza kuona nyuzi nyeusi, kama masizi yanayoshuka. Aliendesha basi hivyo hivyo kwa siku kadhaa, akidhani kioo kina uchafu, akikifuta. Kisha asubuhi moja ya mvua, basi limejaa watu wa kazi na watoto wa shule, pazia likashuka kwenye jicho zima, na jicho la pili, lile lililopigwa leza, halikuwa na nguvu ya kutosha. Alikuwa karibu na kituo. Alisimamisha, akavuta breki, akafungua milango yote, akawaambia abiria kwa Kiswedi washuke, kwamba haoni. Wengine walidhani ni utani wakabaki wamekaa. Hakuna aliyeumia. Hilo alilirudia sana baadaye, kwamba hakuna aliyeumia, na ni kweli, naye apewe haki yake.

Alifanyiwa upasuaji, damu iliyovujia jichoni ikasafishwa, lakini nyuma ya jicho palikuwa pameharibika. Maji yakimwagika hayazoleki. Jicho moja lilizimika kabisa. La pili likabaki na mwanga wa dirishani na vivuli vya watu. Leseni ikaondoka, sare ikarudishwa. Kampuni ilimwandikia vizuri, ikamshukuru.

Na hapo kanisa likaamka. Walikuja kwa zamu, wamejipanga, mikono imejaa. Safari hii hakuna aliyeleta bugali. Wanawake wa Fittja walikuwa wamempigia Séraphine simu mmoja mmoja, kuuliza krimu inatiwa saa ngapi, kabichi inakaangwa kwa siagi au mafuta, koliflawa inasagwaje. Josiane alikuja na kuku wa uyoga aliyempika kwa machozi. Kwa miezi ile hapakuwa na Wakongo Stockholm nzima wanaojua kupika kuku bila wanga kuliko kanisa lile. Séraphine aliwafundisha wote kwa uvumilivu, akawashukuru, akafunga mlango.

Gédéon akawa mtiifu. Alikula anachopewa, kiasi anachopewa, saa anayopewa. Sukari ikashuka ikatulia, nesi akafurahi. Séraphine aliniambia anatamani mumewe agombe, asukume sahani, amtukane hata. Hakugomba.

Mara ya mwisho nilipokula kwao ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 2012, kabla sijahamia Södertälje. Bonheur alikuwa amerudi mezani, mrefu, kimya, anamkatia baba yake nyama bila kuambiwa. Séraphine alimweleza mumewe sahani ilivyo: paja liko mbele yako, kabichi kushoto, firigisi kulia. Gédéon alipapasa kwa vidole mpaka akalipata paja. Mikono yake ilikuwa imekonda, na pete alikuwa haivai tena kwa kuwa ilimtoka yenyewe.

"Nimekonda tena, Mama Bonheur?" aliuliza.

Séraphine alisema ndiyo.

"Haiko neno." Alitabasamu akiielekea sauti ya mkewe, kidogo pembeni ya pale alipokaa. "Sasa batu bakiniangalia, miye sibaone."

Bonheur aliacha kukata. Séraphine alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia, akakiweka chini.

"Miye nabaona," alisema. "Kila siku ya Mungu miye nabaona, Papa Bonheur. Na hata zamani, nilikuwa nabaona. Ningebaona maisha yangu yote, ubakie tu na macho."

Gédéon aliondoa mkono sahanini, akauliza kama kuna maji. Nicole akamletea, akamshikisha bilauri. Séraphine akaniwekea mimi kipande kingine, ingawa nilikuwa nimesema nimeshiba, akakaa, akaanza kula kuku wake aliyekuwa ameshapoa.